Njia Katikati ya Mitetea

Mama Pacha alipoikodi ile nyumba ya pembezoni mwa mji, hakuikodi kwa ajili ya watu. Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, bati lake bado zima, na mwenye nyumba alikuwa ameshabomoa kuta za ndani ili aifanye ghala. Ghala halikupata mpangaji. Mama Pacha alipoichungulia kwa mara ya kwanza hakuona ghala wala nyumba. Aliona banda la kuku ambalo mtu mwingine alikuwa ameshamjengea. Akapanua madirisha, akayaziba kwa wavu, akamwaga maranda ya mbao sakafuni, akaleta vifaranga wa kuku wa mayai.

Pacha wake walikuwa wameenda shule ya bweni, na nyumbani kulikuwa kumebaki yeye na mumewe, fundi friji, mtu mcheshi ambaye hata akiwa peke yake husikika akicheka karakanani. Mama Pacha alihitaji kitu cha kukilea. Vifaranga walimtosha. Aliwajua wale wakorofi na wale wapole, na alikuwa akiingia bandani anawaamkia kwa sauti kama anaingia kwa wakwe.

Sasa vifaranga walikuwa wamekuwa mitetea. Manyoya yamekamilika, panga za vichwani zimeanza kuwa nyekundu, lakini yai hata moja halijaonekana. Huu ndio umri unaomnyima mfugaji raha. Chakula cha kukuzia kinaelekea mwisho, cha kutagia hakijaanza, na ukikosea hapo utalipata jibu lake kwenye kila trei ya mayai mpaka kuku wazeeke.

Mdogo wake alikuwa daktari wa mifugo. Alikuja siku moja, akapekua mapipa ya chakula, akachota pumba kiganjani, akazinusa.

"Dada, wape majani."

"Majani gani tena?"

"Hii milonge huko nyuma ya nyumba unaiona urembo? Tunakausha kivulini, tunatwanga, tunachanganya kwenye chakula. Na kitunguu saumu kidogo, na tangawizi. Tumbo linatulia, na kiini cha yai kinakuwa cha manjano mpaka mteja anakuuliza umekipaka nini."

Ilikuwa milonge mizee, imepandwa kwa mstari kando ya ukuta wa nyuma, na ilionekana kuwa kuna mtu aliyewahi kuipenda, kwa jinsi ilivyokatwa vizuri zamani. Wakaikata matawi, wakaanika majani juu ya magunia.

"Ila majani na pumba vina shida moja," mdogo mtu aliendelea huku akifungua mfuko mdogo wa unga mweupe aliokuja nao. "Kuna vitu vizuri vimefungiwa ndani ya nyuzinyuzi, na tumbo la kuku haliwezi kuvifikia. Kuku anakula, anavitoa vilevile alivyoviingiza. Hivi vinaitwa vimeng'enya. Kazi yake ni kufungua."

"Kufungua nini?"

"Chochote kilichofungiwa humo."

Mama Pacha alicheka akasema basi yeye atauita unga wa kufungulia, maana neno lile lilikuwa linamganda ulimini.

Daktari alitaka kujua kama unga ule unaleta tofauti au wanajisumbua. Wakaligawa banda kwa wavu uliokatiza katikati. Mitetea wa upande wa mbele, karibu na mlango, walipewa majani pamoja na vimeng'enya. Wa upande wa nyuma walipewa majani matupu.

Haikupita muda mrefu. Mchana mmoja, jua likiwa kali na bati likilia kwa joto, Mama Pacha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasugua vyombo vya maji. Mitetea walikuwa wakitoa ile sauti yao ya umri ule, sauti ndefu ya kukwaruza, kama mlango usiotiwa mafuta. Ghafla upande wa mbele ukanyamaza. Upande wa nyuma uliendelea na kelele, na hilo ndilo lililomfanya ainue kichwa.

Mitetea waliokuwa karibu na mlango waliinuka wakasogea pembeni. Hawakukurupuka, hawakupiga mabawa. Walisogea kama watu wanavyompisha mtu kwenye ujia mwembamba. Wa mbele yao nao wakasogea, na waliofuata, na nyuma kundi likajifunga tena taratibu. Kwa hiyo kulikuwa na uwazi mdogo unaotembea katikati ya kuku, upana wake wa kupita mtu mmoja. Ulikuwa unaenda polepole. Ulisimama mahali fulani kushoto, ukakaa, kisha ukaendelea mpaka kwenye wavu. Pale ukaishia. Upande wa pili mitetea walikuwa wakichakura maranda bila habari yoyote.

Mama Pacha alibaki na brashi mkononi. Jambo la kwanza alilolifikiria lilikuwa nyoka. Alichukua reki akapekua maranda yote, akaangalia pembe zote, akaangalia mpaka juu ya kenchi za paa. Hakukuwa na nyoka. Alipomaliza kupekua, ule uwazi ulikuwa unarudi kutoka kwenye wavu kuelekea mlangoni, na yeye alikuwa amesimama katikati ya njia yake.

Alikuja kusema baadaye kwamba hakuamua kusogea. Miguu ilisogea yenyewe.

"Kuku wako wamejifunza kupanga foleni," mumewe alicheka alipoelezwa. "Watu wazima imewashinda." Lakini alikuja na kipima umeme chake, akapima wavu, akapima bati, akapima mabomba ya maji, akidhani huenda kuna umeme unaovuja na kuwasukuma. Kipimo hakikuonyesha kitu. Alikaa akasubiri, na ile njia ilipofunguka mbele yake hakutania tena. Alikunja nyaya zake, akasema ana friji ya mtu inamsubiri.

Daktari naye alikuja. Alipima joto, akawasha kijiti cha moshi kuona kama kuna upepo unaopenya, akamkamata mtetea mmoja na kumsikiliza moyo.

"Hawaogopi," alisema. "Hilo ndilo linalonishinda. Kuku wakiogopa wanalundikana kwenye kona, wanakanyagana mpaka wanakufa. Hawa wametulia kabisa. Wanapisha tu."

"Mbona hawa wa nyuma hawapishi?"

Daktari alimtazama dada yake. Wote wawili walijua tofauti ya pande zile mbili ilikuwa kitu kimoja. Yule daktari alisita, kisha akafanya alichofundishwa kufanya kila anaposhindwa kuelewa. Akachanganya unga mweupe kwenye chakula cha upande wa nyuma pia.

Walisubiri. Kuku hajengwi kwa siku moja, chakula kinahitaji muda kuingia mwilini. Mama Pacha alikuwa akienda bandani kila siku, na kila siku njia ilikuwa ikiishia kwenye wavu. Alianza kuizoea. Ukizoea kitu cha namna hiyo unaanza kukitazama vizuri, naye aliona mambo ambayo mwanzoni yalimpita. Ule uwazi ulikuwa na mwendo wake. Unaenda kidogo, unatulia, unaenda tena, na kila ukitulia huinamia upande mmoja, kwa sababu mitetea wa kushoto walikuwa wakirudi nyuma zaidi kuliko wa kulia.

Siku ulipovuka wavu, daktari alikuwepo. Njia ilifika pale kwenye wavu, na badala ya kufa, ikafunguka upande wa pili palepale, kana kwamba wavu haukuwepo. Mitetea wa nyuma walinyamaza. Wakasogea mmoja baada ya mwingine, na uwazi ukasonga mbele mpaka kwenye ukuta wa mwisho, ukuta wa nyuma wa nyumba. Pale mitetea walijipanga nusu duara, wakaacha nafasi tupu mbele ya ukuta.

Kuku hawezi kukutazama usoni kwa macho yote mawili. Akitaka kuona kilicho juu, analaza kichwa na kuinua jicho moja. Mitetea wote wa ile nusu duara walikuwa wamelaza vichwa. Macho yao yalikuwa yameinuliwa kwenye urefu mmoja, chini kidogo ya kimo cha Mama Pacha.

Daktari alikaa chini juu ya gunia la pumba. "Dada," alisema kwa sauti ndogo, "pale pamesimama mtu."

"Mtu mzee," Mama Pacha alijibu. "Mguu wa kushoto unamsumbua."

Nafasi ilipojifunga na kelele za mitetea kurudi, Mama Pacha aliuendea ule ukuta akaupapasa. Lipu ilikuwa ya rangi nyingine kidogo, mstatili mrefu kuanzia sakafuni. Alitoka nje akautazama upande wa pili. Pale pale, nyuma ya mstatili, ndipo ilipoanza safu ya milonge.

Akampigia simu mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa mwashi mstaafu, watu wote walimwita Fundi tu. Mzee mrefu, mikono yake migumu kama jiwe la kunolea, saruji imemwingia kwenye kucha na haikutoka tena. Alikuja amevaa kofia ya ujenzi na anatabasamu, akidhani anaitiwa bati linalovuja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti yangu. Kuku wanaendeleaje? Wameanza kutaga?"

"Bado. Fundi, hapa palikuwa na mlango?"

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kidogo baada ya yeye mwenyewe kuacha kutabasamu. "Palikuwa," alisema. "Zamani. Niliziba mwenyewe."

"Kwa nini?"

Kabla hajajibu, mitetea walinyamaza. Njia ilifunguka mlangoni, ikaanza kuja. Fundi alikuwa amesimama katikati ya banda, na Mama Pacha alitaka kumvuta mkono, lakini alimwona akiitazama ile njia inavyoenda, inavyotulia, inavyoinamia kushoto. Ilisimama mahali pale ilipozoea kusimama kila siku.

"Hapo palikuwa chumba changu," mzee alisema. "Alikuwa anasimama mlangoni anasikiliza kama nimelala. Mpaka nimeota mvi, alikuwa anasikiliza kama nimelala."

Njia ikaanza tena. Ilipomfikia, Fundi alivua kofia, akasogea pembeni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Njia ilipita kando ya viatu vyake, na mitetea wa nyuma wakajipanga nusu duara yao mbele ya ukuta.

Alieleza wakiwa nje, kivulini mwa milonge, na alieleza kwa maneno machache kama mtu anayetoa miba. Mama yake alizeeka akasahau watu, akasahau majina, lakini hakusahau miti yake. Kila mara alikuwa akitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuimwagilia, kisha anapitiliza, mara ameokotwa barabarani, mara ameokotwa mtoni. Fundi alikuwa na kazi za watu, hakuweza kumlinda kutwa. Akachukua matofali akaziba mlango. Ule wa mbele akaufunga kwa kufuli.

"Akawa anatembea humo ndani, toka mbele mpaka nyuma, hadi alipofariki. Akifika pale anapapasa ukuta. Ananiuliza kwa adabu kabisa, 'Baba, mlango wamehamishia wapi?' Namwambia, mama, hapo hapajawahi kuwa na mlango. Ndivyo nilivyomwambia. Akaniamini, kwa kuwa mimi ndiye fundi."

Kesho yake alirudi na nyundo na tindo. Hakutaka kusaidiwa. Walihamisha mitetea upande wa mbele, naye akaanza kubomoa, tofali baada ya tofali, vumbi likimjaa kwenye nyusi. Mchana uwazi ulikuwa mkubwa wa kutosha, na mwanga wa kijani wa milonge uliingia bandani. Mama Pacha aliweka ubao kuzuia kuku wasitoke. Fundi akautoa. "Acha kwanza," alisema.

Wakafungua wavu wa katikati, mitetea wakatawanyika nyumba nzima. Njia ilikuja siku ile kama siku nyingine, kwa mwendo uleule. Ilifika mlangoni. Mitetea walijipanga, wakalaza vichwa. Uwazi ulitulia pale kwenye kizingiti muda mrefu kuliko siku zote, mpaka daktari akaanza kuuma kidole. Kisha waliokuwa karibu kabisa na mlango wakarudi nyuma hatua moja, wakatazama nje, na vichwa vyao vikageuka taratibu kufuata kitu kilichokuwa kinaenda kwenye miti.

Mtetea mmoja akalia. Wote wakalia. Kelele zikarudi, na bandani haikuonekana tena njia yoyote, si siku ile wala baada yake.

Mitetea walianza kutaga wiki ileile. Mayai ya mwanzo huwa madogo, hayauziki, kwa hiyo Mama Pacha aliyagawa nyumbani. Mumewe alikuwa akila mawili kila asubuhi na kusifu kiini chake. Trei moja alimpelekea Fundi, kwa shukrani. Yeye mwenyewe hakuonja. Tangu alee vifaranga wale kwa mkono, koo lilikataa.

Asubuhi moja mumewe alikuwa anatoka jikoni na kikombe cha chai. Kwenye mlango aligeuka ubavu, akabana tumbo, akajibandika kwenye fremu kama mtu anayempisha mwenzake.

"Pita, mama," alisema, akaendelea kwenda sebuleni.

Mama Pacha alikuwa amesimama kwenye ushoroba. "Umemwambia nani?"

"Si wewe? Umepita hapa sasa hivi unaingia jikoni."

"Mimi niko nyuma yako."

Aligeuka akamwona. Wakaingia jikoni wote wawili. Jikoni hakukuwa na mtu, ila ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, iliyokuwa imejaa, ilikuwa tupu, na nje ya dirisha udongo wa chungu cha maua ulikuwa umelowa.

Daktari alipopigiwa simu alisikiliza kisa chote. Kisha akauliza swali moja tu. "Shemeji anakula mayai mangapi?"

Waliacha kuchanganya unga mweupe siku hiyohiyo. Majani waliendelea nayo, maana hayakuwa na kosa. Mayai yaliyokuwa ndani waliyafukia. Taratibu mumewe akaacha kupisha milangoni, akarudia kutembea katikati ya ushoroba na mabega yake yote, anaimba. Mama Pacha alipaswa kufurahi. Badala yake, kila alipomwona anapita pale akimkanyaga yeyote anayeweza kuwa anakuja, alijikuta anafumba macho. Alimwuliza mdogo wake jambo lililokuwa linamsumbua.

"Ameondoka, au sisi ndio tumeacha kumpisha?"

"Sijui, dada," daktari alisema. "Nimesomea kuku."

Walikuwa wamemsahau Fundi na trei yake. Alikumbukwa alipokuja mwenyewe bandani, amenyoa ndevu, ameng'aa kama bwana harusi, akaulizia mayai. Mama Pacha alimwambia yapo. Mzee alilivunja moja papo hapo kwenye kiganja, akakitazama kiini.

"Siyo haya," alisema. "Nataka yale ya mwanzo."

"Fundi, yale hatuyatoi tena."

"Binti yangu." Alimshika mkono kwa ile mikono yake migumu. "Nilipokuwa nakula yale, nilikuwa najua yuko wapi."

Walijadiliana sana, ndugu wale wawili. Daktari alikataa katakata, kisha akakataa kidogo, kisha akasema kuku wachache kwenye tundu la mzee mmoja si biashara yake. Mama Pacha alimchagulia mitetea wapole, akamfungashia majani yaliyotwangwa na mfuko wa unga wa kufungulia, akampelekea mwenyewe.

Nyumba ya Fundi ilikuwa safi, imepigwa deki. Kilichomshangaza Mama Pacha alipoingia kilikuwa mwanga, uliokuwa ukipita kutoka mbele mpaka nyuma bila kuzuiwa. Ilimchukua muda kuelewa. Nyumba nzima haikuwa na mlango hata mmoja. Fundi alikuwa ameing'oa yote, vyumbani, jikoni, bafuni, na kuiegemeza uani kwenye ukuta. Bawaba alikuwa amezing'oa pia, na matundu ya skrubu ameyaziba kwa lipu vizuri, kwa ustadi wa mtu anayetaka kazi idumu.

"Wezi je, Fundi?"

"Waje," alisema, akamvutia kiti.

Alikuwa akizungumza habari za kawaida, mvua na bei ya saruji, na Mama Pacha alianza kutulia. Kisha mitetea waliokuwa kwenye tundu uani, ambao walikuwa wakilia tangu walipoletwa, wakanyamaza. Mzee alikata maneno. Alivuta miguu yake chini ya kiti, akautazama ushoroba, na uso wake ukawa wa mtoto aliyejifanya amelala.

"Sogea kidogo hapo, binti yangu," alinong'ona.

Mama Pacha hakuwa ameonja yai hata moja. Hakuona kitu, hakusikia kitu. Alisogea.

Kuku wake wanataga vizuri mpaka leo, na watu wanasifu viini vyake. Fundi bado yuko hai, na wanaomwona husema amenenepa. Kila unga unapomwishia, Mama Pacha humpelekea mwingine. Akiingia kwenye ile nyumba hutembea ukingoni, bega lake likigusa ukuta, na katikati hupaacha wazi.